Kifutu aliyefungiwa naye ana haki ya maji



Ndugu msomaji, kila zifikapo likizo za shule na sikukuu za Idi, familia nyingi hupanga safari ya kutembelea bustani za nyoka. Wa Nairobi huenda Makumbusho ya Taifa, wa Arusha huenda Meserani, na wa pwani ya Kenya hufika Watamu, kwenye shamba la nyoka ambalo James Ashe na mkewe walilianzisha mwaka 1980. Watoto husimama mbele ya kioo wakamkodolea macho kifutu aliyejilaza kama kipande cha gogo, kisha maswali yakaanza. Anakula nini? Akikuuma utakufa? Swali la tatu husikika kwa nadra, nalo ndilo tutakalolizungumza leo: hunywaje maji?

Swali hili lina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa elimu ya maumbile, yaani namna Mwenyezi Mungu alivyomuumba mnyama huyu na namna anavyopata maji. Upande wa pili ni wa dini na adabu. Nyoka ni katika viumbe ambao sheria imeruhusu wauawe kwa ajili ya madhara yao. Je, kiumbe wa namna hiyo akishatiwa ndani ya kasha la kioo, mwenye ufunguo anawajibika nini juu yake? Tutaanza na upande wa kwanza, kwa sababu huwezi kumtekelezea mtu wala mnyama haki yake nawe huijui haja yake.

Kinywa kisicho na midomo

Tunaposema jamii ya kifutu tunakusudia nyoka wanene wenye kichwa kipana na meno marefu ya sumu yanayokunjika. Yupo kifutu tunayemfahamu sote, ambaye baadhi ya watu wa pwani humwita bafe au moma, aishiye nyikani, mashambani na kandokando ya njia. Yupo kifutu mkubwa wa msituni, ambaye wataalamu humwita kifutu wa Gaboon, mwenye rangi za majani makavu. Na wapo vifutu wadogo wa mitini, miongoni mwao yule mwenye vipembe juu ya macho, ambaye makazi yake ni misitu ya Usambara, Uluguru na Udzungwa nchini Tanzania.

Wote hawa hunywa maji, lakini hawanywi kama wanywavyo wanyama wa nyumbani. Ng'ombe hutumbukiza midomo akafyonza. Paka hulamba kwa ulimi. Kuku huchota kwa mdomo akainua kichwa ili maji yateremke. Nyoka hana midomo laini ya kufyonzea, hana mashavu, na ulimi wake mwembamba uliogawanyika ncha haukuumbwa kwa ajili ya kuchota maji, bali ni chombo cha kunusia. Ukimtazama akinywa, utamwona ameweka ncha ya kinywa majini, taya zikicheza polepole sana, kana kwamba anatafuna kitu kisichoonekana. Hali hiyo yaweza kuendelea kwa dakika kadhaa.

Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kwamba nyoka huvuta maji kama bomba livutavyo. Mwaka 2012, David Cundall wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, pamoja na wenzake walionyesha kwamba kwa baadhi ya nyoka maelezo hayo hayatoshi. Miongoni mwa nyoka waliowachunguza alikuwamo mmoja wa jamii ya kifutu, aishiye karibu na mito na vinamasi vya Marekani. Walibaini kwamba ngozi laini ya ndani ya taya la chini ina mikunjo mingi midogo, na mikunjo hiyo hunyonya maji kama sponji. Kisha misuli huikamua, maji yakasukumwa nyuma kuelekea kooni. Hunyonya, hukamua, hunyonya tena.

Mikunjo hiyo kazi yake inayojulikana zaidi ni kumwezesha nyoka kutanua kinywa ili ameze windo lililo kubwa kuliko kichwa chake. Kumbe mikunjo ile ile, anapokuwa hali kitu, ndiyo humpandishia maji. Kiungo kimoja kimebeba haja mbili, na kila moja imetimizwa bila ya kuiharibu nyenziwe. Subhanallah.

Anayekunywa juu ya mgongo wake

Si kila nyoka wa jamii hii huenda mtoni au kwenye dimbwi. Katika jangwa la Namib, kusini-magharibi mwa Afrika, yupo kifutu mdogo anayeishi mchangani. Mvua huko ni adimu, lakini ukungu hutoka baharini ukatanda juu ya vilima vya mchanga. Katika miaka ya 1970 watafiti walimshuhudia nyoka huyo akiubapaza mwili wake, ukungu ukamgandia matone matone, kisha akayaokota kwa kinywa kutoka kwenye magamba yake mwenyewe.

Huko Marekani, nyoka wa jamii hii wenye njuga mkiani hufanya jambo linalofanana na hilo mvua inapowanyea. Hujiviringisha, wakajibapaza, mwili ukawa mfano wa sahani, wakanywa maji yaliyotuama kati ya mikunjo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 uliyaangalia magamba ya mmoja wao kwa darubini ukakuta kwamba uso wake una mistari midogo mno inayoyashika matone yasiporomoke. Yaani magamba yale si ngao tu, bali pia ni chombo cha kukingia maji.

Kutokana na hayo tunapata funzo kubwa kwa yeyote anayemfungia mnyama huyu. Kifutu wa mitini aliyezaliwa katika misitu ya Usambara amezoea ukungu wa asubuhi na matone yanayoning'inia majani. Maji kwake ni kitu kinachoshuka kutoka juu, kinachometameta na kutikisika. Ukimweka ndani ya kasha, ukampa bakuli safi lililojaa maji na kuliweka chini sakafuni, huenda asilitambue kabisa kuwa ni maji. Atabaki juu ya tawi lake, akidhoofika siku baada ya siku, ilhali bakuli halijapungua hata tone. Mtunzaji asiyejua atasema: nimempa maji, hataki. Mtunzaji ajuaye atachukua chupa ya kunyunyizia, atanyunyiza majani na mwili wa nyoka mpaka matone yasimame juu ya magamba, kisha atasubiri amwone akinywa.

Wapo nyoka wengi wa aina hii walioko Ulaya na Marekani, mbali kabisa na milima yao, katika nyumba za watu wanaowafuga kwa kujifurahisha. Biashara hiyo ilikuwa kubwa hata mwaka 2016 serikali ya Tanzania ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Huko waliko, watunzaji makini hutumia mitambo midogo inayonyunyiza maji kwa saa maalumu, kuigiza ukungu wa Usambara ndani ya kasha la kioo. Kile ambacho msitu ulikuwa ukikitoa bure, mwanadamu aliyemtoa nyoka msituni analazimika kukitoa yeye.

Je, nyama haitoshi?

Iko dhana iliyoenea, hata kwa baadhi ya wafugaji wa nyoka, kwamba nyoka hana haja kubwa ya maji kwa kuwa panya anayemmeza ana maji ya kutosha mwilini. Dhana hiyo ina sura ya ukweli, maana sehemu kubwa ya mwili wa panya kwa hakika ni maji. Lakini mwaka 2019 watafiti wa huko Arizona, Marekani, waliipima kwa nyoka mmoja wa jamii ya kifutu anayeishi jangwani. Waliwapa chakula nyoka waliokuwa na kiu, wakafuatilia hali ya maji katika damu zao. Chakula hakikuwaondolea kiu. Nyoka yule alihitaji kunywa.

Sababu yake inafahamika. Kusaga nyama ni kazi inayotumia maji, na nyama ikishasagwa huacha taka ambazo figo hazina budi kuzitoa. Sisi wanadamu huzitoa taka hizo kwa mkojo mwingi wa majimaji. Nyoka ameumbwa kuwa mwekevu: taka zake huzigeuza asidi ya yuriki, akaitoa ikiwa uji mweupe mzito unaofanana na chokaa. Uwekevu huo humfaa sana maadamu anapata maji kiasi. Akikaukiwa, asidi ile hushindwa kutoka, ikaganda vipande vidogo katika figo, viungo na hata kwenye utando unaozunguka moyo. Ni maradhi yale yale tunayoyaita jongo kwa binadamu, na kwa nyoka huweza kuua.

Kwa hiyo kumlisha nyoka mwenye kiu ni kumwongezea mzigo. Nyoka aliyekamatwa porini akakaa siku nyingi gunia­ni au sandukuni, kitu cha kwanza anachostahiki kupewa si panya, bali ni maji na utulivu. Chakula kinaweza kungoja. Nyoka huvumilia njaa kwa wiki nyingi, na hapo ndipo watu hukosea: huuona uvumilivu wake wa njaa wakadhani anavumilia kiu kwa kiasi hicho hicho.

Dalili za kiu zipo kwa anayetaka kuziona. Macho hubonyea. Ngozi hufanya mikunjo isiyonyooka upesi. Ute wa kinywani huwa mzito wa kunata. Dalili iliyo rahisi zaidi ni gamba analolivua. Nyoka aliyeshiba maji hujivua gamba lake zima, mfano wa soksi iliyogeuzwa nje ndani, pamoja na vile vifuniko viwili viangavu vya macho. Aliyekosa unyevu hulivua vipande vipande, na pengine vifuniko vya macho vikabaki vimemng'ang'ania, asione vizuri.

Kiu inayoitwa muujiza

Yapo mahali ambapo kiu ya nyoka imegeuzwa biashara. Huko India, baadhi ya wachezesha nyoka wa mitaani huwanyima swila maji kwa siku nyingi kabla ya sikukuu maalumu. Siku ikifika huwawekea maziwa mbele ya watu. Nyoka, kwa kiu aliyonayo, huyanywa, na watazamaji hustaajabu wakatoa fedha. Tumbo la nyoka halikuumbwa kusaga maziwa, na wengi wao huugua kwa sababu hiyo, hata wakafa. Kinachoitwa muujiza pale ni mateso yaliyopangwa. Hatulitaji hili kwa ajili ya kuwasema watu wa mbali, kwani mahali popote mnyama anapofungiwa ili watu watoe fedha, kishawishi cha namna hiyo kipo.

Utunzaji ulio na mizani

Mtunzaji anayejua kazi yake huweka bakuli zito lisiloweza kupinduliwa, pana la kutosha, na hubadilisha maji mara kwa mara, kwa kuwa nyoka huweza kuyachafua kwa haja yake. Hulitoa kwa koleo refu au fimbo yenye ndoano, baada ya kumfungia nyoka katika sehemu nyingine ya kasha. Mkono mtupu hauingii, na mwenye busara hafanyi kazi hiyo akiwa peke yake. Huruma kwa mnyama haikumwondolea mtu wajibu wa kuilinda nafsi yake.

Vilevile maji yakizidi huwa madhara. Kasha lililotota muda wote, lisilopitisha hewa, humletea nyoka vidonda tumboni na maradhi ya mapafu. Kifutu wa nyikani huhitaji sakafu kavu na bakuli. Kifutu wa Gaboon huhitaji majani makavu juu na unyevu kiasi chini yake. Kifutu wa mitini huhitaji mnyunyizo, kisha upepo wa kumkausha. Kila mmoja ana kipimo chake, na anayewaweka wote chini ya kanuni moja atamdhuru mmojawapo.

Hukumu ya aliye na ufunguo

Sasa tuje upande wa pili. Qur'an inatufahamisha katika Surat an-Nur kwamba Mwenyezi Mungu ameumba kila kiendacho kutokana na maji, na wa kwanza kutajwa hapo ni wale waendao kwa matumbo yao. Nyoka, basi, ana nasaba na maji kabla ya mwanadamu kumwekea bakuli.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.) habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Tuiangalie habari ile kwa makini. Kosa la mwanamke yule halikuwa kwamba hakumlisha paka tu, kwani paka wengi wa mitaani hatuwalishi wala hatuhesabiwi dhambi kwa hilo. Kosa lake ni kumfungia, kisha asimpe chakula wala maji, wala asimwache ajitafutie mwenyewe. Kule kumfungia ndiko kulikouhamisha wajibu kutoka ardhini ukaja shingoni mwake.

Tena wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kisa cha mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji khofu yake ya mguuni, akapanda nayo ameiuma kwa meno ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Maswahaba walipouliza kama wana malipo kwa ajili ya wanyama, Mtume (S.A.W.) aliwajulisha kuwa malipo yapo katika kila chenye ini lenye unyevu. Maneno hayo ni ya kuzingatiwa sana na sisi tuliokwisha kuona hapo juu namna ukavu unavyoziua figo za nyoka: uhai umetambulishwa kwa unyevu wake.

Huenda msomaji akasema: hao ni paka na mbwa, nyoka ni adui, na Mtume (S.A.W.) ameamrisha auawe. Ni kweli, na pia ni kweli kwamba katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) kuwa nyoka wa majumbani hupewa onyo kwanza. Lakini Muslim huyo huyo amepokea kutoka kwa Shaddad bin Aws (R.A.) kwamba Mwenyezi Mungu amewajibisha wema katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja. Ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa.

Mafakihi walilitambua jambo hili zamani. Katika Minhaj at-Talibin, kitabu cha Imam Nawawi kinachosomeshwa sana katika madrasa zetu za pwani, mlango wa nafaka unamwajibisha mwenye wanyama kuwalisha na kuwanywesha. Washereheshaji wake wakaja wakajiuliza juu ya wanyama wanaoruhusiwa kuuawa. Wakasema hao si lazima mtu awalishe, bali awaachilie; lakini haijuzu kuwafungia ili wafe kwa njaa, na hoja yao ni ile ile hadithi ya wema katika kuua. Hukumu yao iko wazi. Mbele ya nyoka mwenye kudhuru una njia ya kumuua kwa pigo la haraka, au kumwacha aende zake. Ukichagua kumweka, iwe kwa elimu, kwa kutengenezea dawa ya sumu, au kwa maonyesho, basi umechagua pia kumnywesha. Njia ya nne, ya kumsahau ndani ya kasha, haipo.

Wajibu wetu katika familia

Makala haya si mwaliko wa kufuga nyoka. Kifutu ni mnyama wa hatari, na nchini Tanzania Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata mnyamapori bila ya kibali. Nyoka akionekana nyumbani, watoto waondolewe, aitwe mtu mwenye ujuzi. Na aliyeumwa akimbizwe hospitali.

Lakini mzazi anapowapeleka watoto bustanini, anaweza kuwafundisha kutazama zaidi ya meno ya sumu. Watafute bakuli la maji: lipo? Ni safi? Watazame gamba lililovuliwa: ni zima au limekatika vipande? Wamuulize mtunzaji, kwa adabu, yule wa mtini hunyunyiziwa lini? Mtunzaji mwema atafurahi kuulizwa. Na pale mahali ambapo bakuli limekauka na hakuna anayejali, fedha ya kiingilio tunayoitoa mara ya pili huwa ni msaada wetu katika dhuluma ile.

Kisha darsa hilo lirudi nyumbani. Nyumba zetu nyingi zina kuku waliofungiwa bandani, njiwa, sungura, na kasuku ndani ya tundu barazani. Kila mlango tunaoufunga kwa nje una kiumbe kwa ndani asiyeweza kujiendea kisimani. Mtoto apewe zamu ya maji, afundishwe kuosha chombo na kukijaza kabla yeye mwenyewe hajaketi kula. Akiuzoea wajibu huo kwa njiwa, itamwia rahisi kesho kuutimiza kwa mgonjwa, kwa mfungwa, na kwa mfanyakazi aliye chini ya mkono wake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuchunga amana, kubwa na ndogo.

Wabillahi tawfiq.